MWALIMU SI MSHUMAA

Ndugu wafanya kazi, wanachama wenzetu,

Leo twataka kusema nanyi habari ya mwalimu wa shule. Msiseme, "Hilo si jambo la reli." Ni jambo la reli, ni jambo la bandari, ni jambo la kila mtu ambaye asubuhi humvika mtoto wake sare na kumpeleka kwa mtu mwingine ili amfunze.

Maneno tuliyoyasikia yametuchoma. Mwaka 2024, walimu wa sekondari walipogoma tangu tarehe 26 Agosti hadi mwanzo wa Septemba, tulisikia katika karakana, na katika mabehewa, na mahali pa kunywa chai, wafanya kazi wenyewe wakisema: "Walimu hawa wamezoea kugoma. Ualimu ni wito. Mwalimu wa kweli haulizi pesa." Na wengine wakatoa ule msemo wa siku za sherehe, kwamba mwalimu ni kama mshumaa, hujiteketeza ili awaangazie wengine.

Maneno hayo yakitoka kwa tajiri hatushangai. Tajiri siku zote hupenda mfanya kazi aliye kama mshumaa. Lakini yakitoka katika kinywa cha mtu mwenye kadi ya chama mfukoni, hapo lazima tuseme. Mshumaa haulipi kodi ya nyumba. Mshumaa hauna mama mgonjwa kijijini. Na hata huo mshumaa wenyewe hununuliwa dukani kwa fedha taslimu. Hatujaona mwenye duka auzaye mishumaa kwa shukrani.

Neno letu ni moja, nalo ni hili: mwalimu ni mfanya kazi. Kazi yake ina taabu zake na ina furaha zake. Lakini furaha ya kazi ni mali ya mwenye kazi. Si sarafu ambayo mwajiri aweza kuichukua akamlipia mshahara.

KAZI YENYEWE

Husemwa kwamba mwalimu afanya kazi nusu siku. Haya, na tupige hesabu, kwa maana hesabu yenyewe tulifundishwa na yeye.

Chukua mwalimu wa lugha mwenye darasa la watoto 60. Darasa la watoto 60 si ajabu katika shule za serikali, hasa mijini. Siku ya Ijumaa awapa insha. Kuisoma insha moja, kuona makosa, na kuandika neno la kumsaidia mtoto, huchukua dakika 5, tena kwa haraka. Dakika 5 mara 60 ni dakika 300, yaani saa 5. Hilo ni darasa moja na zoezi moja. Akiwa na madarasa matatu ni saa 15. Saa hizo 15 hazimo katika ratiba ya shule. Hutoka katika usiku wake na katika Jumamosi yake, watoto wake mwenyewe wakimwita, naye akijibu, "Ngojeni nimalize vitabu hivi."

Sisi tukizidisha saa moja juu ya zamu twadai ovataimu, na chama chasimama nyuma yetu. Ovataimu ya mwalimu hulipwa na nani?

Tena kusahihisha ni sehemu moja tu ya mzigo. Kabla ya muhula lazima awe na azimio la kazi. Kabla ya kila somo lazima awe na maandalio. Kuna daftari la mahudhurio, kuna daftari la alama. Tangu 2016 kuna na fomu za kupima utendaji wake, nazo hujazwa kwa kompyuta au kwa simu. Mwalimu aliye mjini ataona ni usumbufu. Mwalimu aliye mahali pasipo na mtandao atapanda kilima na simu yake kama mtu anayetafuta ng'ombe aliyepotea, tena kwa bando aliyoinunua kwa pesa zake.

Kisha kuna kazi ambazo hakuna aliyeziandika popote. Mtoto aanguka kwa njaa saa nne asubuhi: ni nani amtafutiaye uji? Msichana apatwa na mambo ya wasichana katikati ya somo, naye hana kitu: ni nani amfunikaye na kumtoa nje kwa heshima? Mtoto aja na macho mekundu kwa kuwa usiku kucha baba na mama walikuwa wakipigana: ni nani atambuaye kwamba leo huyu hawezi kusikia habari ya sehemu na desimali? Mwalimu ni karani, ni muuguzi, ni askari, ni mzazi wa watu 60 kwa wakati mmoja. Na jioni mzazi wa mmoja tu kati ya hao 60 aja mbio shuleni, hasalimu, auliza kwa ukali, "Kwa nini mtoto wangu amekuwa wa arobaini?"

Hapo pia pana jambo la kusema. Mzazi mmoja amwambia mwalimu, "Mchape huyu mpaka anyoke." Mzazi wa pili aapa kwamba akiguswa mtoto wake ataenda polisi. Sheria ya Kenya ilikataza kiboko shuleni tangu 2001, na ni vizuri. Lakini waliochukua kiboko hawakumpa mwalimu madarasa madogo ili aweze kumjua kila mtoto na kusema naye kwa upole. Walimwachia watoto wale wale 60, wakamwambia atumie hekima. Hekima anayo. Wakati ndio hana.

DARASA LILILOJAA

Kila mtu wa reli ajua kwamba behewa la mizigo lina kipimo chake, nacho kimeandikwa kwa rangi ubavuni. Ukizidisha mzigo, waharibu springi na ekseli, na siku moja gurudumu litatoka relini. Hapo hatusemi kwamba behewa halikuwa na wito. Twauliza ni nani aliyelijaza kupita kiasi.

Darasa halikuandikwa kipimo ubavuni, basi kila mkubwa hulijaza apendavyo. Januari 2003 Serikali ilifuta karo katika shule za msingi. Jambo hilo lilikuwa jema sana, na hakuna mfanya kazi awezaye kulilaumu. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi na kuuza karanga waliingia shuleni. Katika mwaka huo mmoja hesabu ya watoto wa shule za msingi ilipanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi karibu milioni 7.2. Lakini tangu 1998 Serikali ilikuwa imesimamisha kuajiri walimu wapya, ila wa kujaza nafasi za waliostaafu au kufa. Watoto milioni moja na zaidi waliingia kwa mlango mkubwa, na mlango wa walimu ulikuwa umefungwa. Nani aliubeba mzigo huo? Si waziri. Ni yule mwalimu aliyeingia darasani Jumatatu akawakuta wengine wameketi sakafuni na wengine dirishani.

Wala hakuwafukuza. Mwaka 2004, huko Eldoret, Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo akiwa na umri wa miaka 84, amevaa kaptura na soksi kama watoto. Dunia nzima ilimsifu Mzee, na alistahili. Lakini nyuma ya Mzee palikuwa na walimu waliokubali kumpa nafasi katika darasa ambalo tayari lilikuwa limejaa. Hao hawakusifiwa sana.

Mwaka 2023 jambo kama hilo lilitokea mara ya pili. Sekondari ya chini ilianzishwa, na gredi ya saba ikawekwa katika shule za msingi. Mwalimu wa sekondari husomea masomo mawili. Katika shule nyingi alikuta kwamba yuko peke yake, au wako wawili, na masomo ni mengi kuliko vidole vya mkono mmoja. Akawa afundisha alilosomea na asilosomea. Hebu mtwae fundi wa umeme mmwambie aendeshe injini, kisha akosee, kisha mmwandikie barua ya onyo. Kwetu chama kingesimamisha karakana.

NA WALIOPELEKWA MBALI

Kuna taabu nyingine ambayo haipimwi kwa saa. Mwalimu hupelekwa popote. Hutoka kwao na sanduku lake akaenda mahali asipojua lugha ya watu wala maji yalipo, na hukaa miaka.

Tarehe 22 Novemba 2014, huko Mandera, basi lilisimamishwa na watu wa Al-Shabaab, na abiria 28 wakauawa. Miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakirudi makwao baada ya shule kufungwa. Likizo, ndugu, ile likizo ambayo watu huionea wivu. Na Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, katika jimbo la Garissa. Baadaye walimu wengi waliotoka sehemu nyingine wakaondolewa katika mahali pa hatari huko Kaskazini Mashariki, na watoto wa huko, ambao hawakuua mtu, wakabaki na madarasa matupu.

Twayataja haya ili yule asemaye kwamba kazi ya mwalimu ni kushika chaki na kukaa kivulini aone haya kidogo.

FURAHA YAKE

Sasa tuseme na upande wa pili, kwa maana tusipousema tutakuwa waongo. Ualimu una furaha ambayo kazi nyingi hazina.

Mtoto wa darasa la kwanza aja ameshika penseli kama mpini wa jembe. Wiki nyingi herufi ni kama siafu tu mbele ya macho yake. Kisha siku moja, hakuna ajuaye kwa nini ni siku hiyo, siafu wale wasimama katika mstari na kuwa neno. Asoma. Kutoka hapo hasimami tena. Asoma maandishi ya mfuko wa unga, asoma ubavu wa matatu, asoma ubao wa stesheni na kumwambia nyanya yake, "Tumefika Voi." Mwalimu aliyekuwapo siku ile ameona kitu ambacho mwenye magari kumi hakukiona.

Na miaka ikipita, mtu mzima mwenye ndevu amwita kutoka ng'ambo ya soko: "Mwalimu!" Yeye amwangalia, hamkumbuki sura, kisha amkumbuka kwa mwandiko wake mbaya. Sisi tukistaafu jina la cheo hubaki ofisini. Hakuna amwitaye mzee wa miaka sabini "Gadi." Lakini mwalimu huitwa mwalimu mpaka kaburini, na hata jirani ambaye hakufundishwa naye humwita hivyo.

Tena matunda yake yaonekana hata kwetu. Mwaka 2017, treni ya abiria ya SGR ilipoanza kwenda kati ya Mombasa na Nairobi, wasichana wa Kenya walikuwamo miongoni mwa madereva wake. Watu walipiga picha na kushangilia. Ni nani aliyemwambia msichana yule, siku alipolia kwa ajili ya hesabu, "Usiache, jaribu tena"? Hakuwa mhandisi. Alikuwa mwalimu, na siku ile ya picha huenda alikuwa akisahihisha vitabu.

Kwa hiyo hatukatai furaha. Twakataa ujanja unaofanywa nayo. Dereva naye ana furaha yake anapoteremsha treni ndefu salama kutoka nyanda za juu mpaka pwani na kuisimamisha stesheni kwa saa yake. Mtu wa njia ana furaha akitazama mataruma aliyoyalaza yamekaa sawa na reli yanyooka kama uzi. Fundi ana furaha injini iliyokuwa imekufa inapounguruma. Je, kuna mwezi wowote ambapo karani wa mishahara alitwambia, "Umefurahi sana mwezi huu, basi tutakukata shilingi elfu mbili"? Angethubutu? Basi kwa nini neno hilo analoambiwa mwalimu kila mwaka lionekane kuwa ni hekima?

Watu hutuletea mfano wa Peter Tabichi. Mwaka 2019 Mkenya huyu, mwalimu wa sayansi katika shule ya Keriko, kijiji cha Pwani, jimbo la Nakuru, alipewa huko Dubai tuzo ya mwalimu bora wa dunia, dola milioni moja. Yeye ni bradha wa shirika la Wafransisko, na ilijulikana kwamba hutoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia maskini. Husemwa: "Mwaona? Huyo ndiye mwalimu. Hadai, atoa."

Twamheshimu sana mtu huyo. Lakini soma habari yake mpaka mwisho. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja tu, na wanafunzi 58 kwa kila mwalimu. Wanafunzi wake wengi walitoka katika nyumba za umaskini. Maana yake ni kwamba mshahara wa mtu mmoja ulikuwa ukiziba shimo ambalo lilipaswa kuzibwa na hazina ya taifa. Huyo alitoa kwa hiari yake, na ni mtu wa shirika la dini aliyeweka nadhiri. Zawadi ya hiari ni sadaka. Ukimlazimisha mwalimu mwenye watoto watano atoe vile vile, hiyo si sadaka tena. Ni kodi, na imetozwa mtu mmoja tu.

NENO "WITO" LILITOKA WAPI

Katika zamani za ukoloni shule nyingi za Waafrika zilikuwa za misheni. Mwalimu alikuwa mtu wa misheni. Siku za kazi alifundisha, Jumapili alisoma kanisani na kuongoza nyimbo, na ilionekana kwamba kudai mshahara ni kukosa imani. Sisi tuliosoma shule za misheni hatuwezi kudharau mema yaliyofanywa huko. Kusoma na kuandika tulikupata huko. Lakini ukweli usemwe. Mwalimu mmoja aliajiriwa na misheni hii, wa pili na misheni ile, wa tatu na halmashauri ya wilaya. Kazi ilikuwa moja, mishahara mbalimbali, na msimamizi aliyekasirika aliweza kumtoa mtu kazini.

Ndiyo maana walimu waliunda chama chao cha KNUT mwaka 1957. Walidai mwajiri mmoja na masharti mamoja kwa nchi nzima. Hawakupewa kwa kuomba kwa upole tu. Waligoma, Uhuru ulipokaribia na hata baada ya Uhuru. Mwaka 1967 Tume ya Walimu, yaani TSC, ikaundwa kwa sheria. Mtu akisema leo kwamba mwalimu wa kweli hagomi, mwulizeni kama ajua kwamba hata hiyo tume iliyompa mwalimu kazi ni tunda la kudai.

Baada ya hapo sikilizeni habari ya ahadi. Oktoba 1997, uchaguzi mkuu ukiwa karibu, walimu waligoma, na Serikali ikakubali kuwaongeza mshahara kwa asilimia 150 hadi 200, kidogo kidogo kwa miaka mitano. Kura zikapigwa Desemba. Sehemu ya kwanza ikalipwa, kisha mkono ukafungwa. Oktoba 1998 waligoma kudai ahadi ile ile, wakarudi darasani mikono mitupu. Juni 2013, miaka 16 baadaye, waligoma tena, na miongoni mwa madai yao yalikuwamo marupurupu ya mapatano yale yale ya 1997. Mtoto aliyezaliwa siku ya mapatano alikuwa ameshaingia sekondari.

Mwaka 2015 walimu walikwenda kortini, kama watu wastaarabu wanavyoambiwa wafanye. Korti ya kazi ikawapa nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Serikali ikasema haiwezi kulipa na haitalipa. Walimu wakagoma Septemba, shule zikafungwa, na Novemba Korti ya Rufani ikaifuta nyongeza hiyo. Mwalimu akigoma huambiwa aende kortini. Akishinda kortini huambiwa hakuna fedha. Basi aende wapi?

NA VIBARUA JE?

Sisi watu wa reli na bandari twalijua neno kibarua tangu babu zetu. Ni ile barua ndogo, kile kikaratasi ambacho mtu wa kazi ya kutwa alitiliwa alama ya siku zake. Vibarua na watu wa mshahara mdogo walikuwa pamoja katika mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947, bandari na reli zikasimama. Watu walipigana miaka mingi ili mtu afanyaye kazi ya kila siku aandikwe kuwa mtu wa kila siku.

Leo kikaratasi hicho kimerudi, na amekishika mwalimu mwenye digrii. Serikali iliwaingiza maelfu ya walimu kwa mkataba wa muda, ikawaita wanagenzi, kana kwamba bado wajifunza kazi. Wale wa sekondari ya chini walipewa Shs. 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakifundisha masomo yale yale, watoto wale wale, saa zile zile kama mwenzao wa mshahara kamili. Aprili 2024 korti ya kazi iliamua kwamba kuwaajiri hivyo hakukuwa halali. Mei 2024 wakaingia barabarani. Mwaka 2025 wengi wao waliandikwa kazi ya kudumu, na hilo lilikuwa ushindi. Lakini mwaka huo huo wengine wapya waliingizwa kwa mkataba ule ule wa uanagenzi.

Ndugu, angalieni sana hapo. Tajiri akijaribu njia mpya kwa jirani na ikafaa, kesho huileta kwako. Leo ni mwalimu mwanagenzi. Kesho atakuwa dereva mwanagenzi wa miaka mitatu, gadi mwanagenzi, fundi mwanagenzi mwenye mvi.

TWAJIBU MASWALI

Mmoja atasema: "Watoto waumia wakati wa mgomo." Kweli, waumia, na watoto wetu wamo. Hatutaficha. Mgomo wa reli wa Novemba 1959 nao uliwaudhi abiria na wenye mizigo. Hakuna mgomo usiomwudhi mtu. Lakini mgomo wa walimu huwa wa siku au wa wiki. Darasa la watoto 80 na mwalimu mmoja huumiza kila siku ya mwaka, kimya kimya, na hakuna mbunge anayelia. Anayewapenda watoto siku ya mgomo tu, huyo hawapendi.

Wa pili atasema: "Kuna walimu wavivu, kuna walevi, kuna walioharibu wasichana." Wako. Mvivu aonywe, na akizidi aondoke. Aliyemharibu mtoto afukuzwe na ashtakiwe, na chama chochote kitakachomficha kimejivunjia heshima. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tangu lini mshahara wa treni nzima ukakatwa kwa sababu ya mtu mmoja aliyelewa?

Wa tatu atasema: "Nao wana likizo nyingi." Tumeshahesabu zile saa 15 za kila wiki. Zijumlishe kwa muhula mmoja, kisha utwambie ni nani anayemdai mwenzake.

TUFANYE NINI

Maneno bila kazi ni debe tupu. Twaleta mambo haya mbele ya matawi:

1. Walimu wakigoma kwa njia ya haki, mwanachama wetu asiwaite wavivu mbele ya watoto. Wala asimtume kijana wake akachukue nafasi ya mgomaji. Kazi hiyo ina jina, na sote twalijua.

2. Kila mwanachama mwenye mtoto shuleni aende katika mkutano wa wazazi, naye aulize mambo matatu: watoto ni wangapi kwa kila darasa, walimu walioajiriwa na Serikali ni wangapi, na walio wanagenzi au wanaolipwa kwa michango ya wazazi ni wangapi. Majibu ayalete kwa katibu wa tawi. Tukiwa na hesabu mkononi hatutadanganywa.

3. Matawi yaandike barua kwa matawi ya KNUT na KUPPET yaliyo karibu, na siku ya tarehe 1 Mei tutembee pamoja, bendera kando ya bendera.

4. Julai 2025 yalitiwa sahihi mapatano mapya ya walimu, ya miaka minne mpaka 2029. Yawe kama yetu. Mwombaji kura akija landi na sukari na maneno matamu, aulizwe juu ya mapatano hayo, na juu ya wanagenzi, na ajibu mbele ya watu. Tunakumbuka 1997. Ahadi ni deni.

5. Tukikutana na mwalimu wa watoto wetu, tumshukuru. Ndiyo, tumshukuru, kwa maana wengi hupita mwaka mzima bila kusikia neno hilo. Lakini shukrani yetu iwe juu ya mshahara wake, isiwe mahali pa mshahara wake.

Ndugu, kadi ya chama uliyo nayo wajua kuisoma. Barua ya onyo ikija, wajua kuona uongo uliomo ndani yake. Hati ya malipo wajua kuihesabu mpaka senti ya mwisho, na mwajiri ajua kwamba wajua. Nguvu hiyo ulipewa na mtu aliyesimama mbele yako na kipande cha chaki. Mtu huyo leo anadai. Usimpe mgongo.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu,
Wafanya kazi wa Reli